Flashi ya nyimbo za vita kutoka kibanda cha Mwanga: zipi zibaki, zipi zifutwe

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Ukienda na flashi yako, kijana anakujazia nyimbo kwa shilingi 3,000. Ukitaka ya kwake, ya GB 8, anakuuzia 12,000 ikiwa imeshajaa. Mimi nilichukua ya kwake. Kibanda kiko Mwanga, hapa Kigoma mjini, jirani na soko, katikati ya muuza makava ya simu na mama wa migebuka mikavu, kwa hiyo flashi inafika nyumbani ikinukia ziwa. Jina la kibanda silitaji. Nina ya kumsema yule kijana, na bado nataka aendelee kunihudumia.

Mimi ni kinyozi, barabara ya Ujiji, viti viwili, kioo kimoja kirefu na sabufa isiyozimwa tangu nafungua hadi nafunga. Ilipokaribia Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, nikaona tubadilishe ladha kidogo. Nikamwagiza: nitafutie nyimbo za vita zilizowahi kupendwa na watu, za kwetu na za nje, za zamani na za sasa. Akaniletea nyimbo 64. Nimezipiga saluni, na kwa kuwa mteja akishafungwa kitambaa shingoni hana pa kwenda, nimepata maoni mengi kuliko niliyoyaomba.

Ubora wa kazi yenyewe nimalizane nao haraka. Sauti hazilingani: wimbo huu unausikia kwa tabu, unaofuata unataka kuiangusha sabufa mezani. Nyimbo nyingi hazina majina, zimeandikwa namba tu. Na kuna ule ugonjwa wa vijana hawa wote, dijei kujitangaza juu ya nyimbo za watu. Kwaya inaomboleza, mara king'ora, mara mtu anataja jina lake kwa mwangwi na kicheko. Mteja mmoja aliruka kwenye kiti nikiwa na wembe mkononi. Hapo alama nimekata, tena sijutii.

Sasa nyimbo.

Ya kwanza kwenye flashi kila Mtanzania wa rika langu anaijua, ile ya mchakamchaka: Idi Amini akifa, mimi siwezi kulia, nitamtupa Kagera, awe chakula cha mamba. Vita vyetu na Uganda ya Amini vilianza Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979. Mimi nimeingia darasa la kwanza vita vimekwisha zamani, na bado tulikuwa tunamtupa Amini mtoni kila asubuhi, peku, umande miguuni, mwalimu wa zamu nyuma na fimbo. Kwa ufundi sijaona unaoushinda. Hesabu mizani: vipande vinne, kila kimoja mizani nane, hakuna kinachozidi wala kinachopungua. Mguu na silabi vinakwenda pamoja, ndiyo maana huu wimbo ukiuanzisha huwezi kutembea, lazima ukimbie. Tena hauna 'taifa', hauna 'adui', hauna 'ushindi'. Una mtu mmoja, mto mmoja na mnyama mmoja, na mwenye kumtupa huyo mtu ni mtoto wa miaka minane. Amini mwenyewe alifia hospitalini Jeddah, Agosti 2003. Mamba wa Kagera hawakuambulia kitu.

Siku nilipoupiga, kitini alikuwapo mzee wa Kasulu aliyekwenda vita ile akiwa mgambo. Saluni nzima inaimba, wawili wanapiga miguu pale pale kwenye benchi, yeye kimya. Nikamwuliza, "Baba, huu ndio mliokuwa mnauimba kule?"

Akangoja nimalize nyuma ya sikio.

"Huo wenu nyie watoto. Sisi tulikuwa tunaimba za kuachwa na wanawake."

Anasema njia nzima mpaka Masaka, Uganda, ni vibao vya mapenzi, vya bendi za Dar na za Tabora, na vilivyopendwa kuliko vyote ni vile vya kulialia. Wa kumchinja Amini kwa wimbo hakuwapo, kwa sababu kazi yenyewe walikuwa nayo mchana kutwa. Kauli hiyo imenikaa. Tangu siku ile nimekuwa nikiipima flashi nzima kwa swali moja: huyu anayeimba, yuko umbali gani na risasi? Wa mbali ndio wenye hasira, kila mstari wanaua. Wa karibu wanaimba lango, sufuria, mwanamke, jina la kijiji.

Chukua wimbo wa KEYA, yaani King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza huku kwetu, ule wa Funga Safari. Askari wanaulizana: amri ya nani? Wanajijibu: ya bwana kapteni, ya KEYA. Basi. Hawasemi wanakwenda kumpiga nani wala huyo mtu amewakosea nini. Vijana wa Tanganyika walipelekwa mpaka Burma kupigana vita vya watu wengine, na wimbo wao unakiri wazi kwamba sababu hawaijui, wanamjua aliyewatuma tu. Sijui kama wakubwa wao waliwahi kuyasikiliza yale maneno sawasawa. Mimi ningekuwa kapteni ningeupiga marufuku.

Kuna wa Kijerumani pia, 'Lili Marleen', ambao nilitaka kuuruka kwa sababu hakuna anayeelewa hata neno. Nikaufuatilia kwenye simu usiku. Shairi aliliandika Hans Leip mwaka 1915, naye Lale Andersen akaurekodi wimbo mwaka 1939. Redio ya Belgrade, ikiwa mikononi mwa Wajerumani, ikaanza kuupiga mwaka 1941, na Waingereza waliokuwa wakipambana na Wajerumani huko jangwani Afrika Kaskazini nao wakawa wanaufungulia. Una nini? Askari, taa nje ya lango la kambi, na msichana aliyekuwa akisimama naye chini ya taa hiyo. Adui hayumo, ndiyo maana adui naye aliweza kuuimba. Nilipomhadithia mzee wa Kasulu aliniangalia kama namweleza kwamba maji yanalowesha.

Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 nayo imo, ile ya uwezo, sababu na nia, ila kijana kaitandikia biti la singeli chini yake. Hii nimeifuta. Mwalimu alilirudia 'kumpiga' mara tatu, akalitanguliza neno jipya kila mara, akaacha nafasi ya watu kuvuta pumzi. Hiyo tayari ni ngoma. Ukimwekea kinanda cha kompyuta unaziba zile nafasi, na zile nafasi ndizo zilizopeleka watu vitani.

Kwenye nyimbo za nje ndipo nilipogundua kijana anatafuta kwa jina la wimbo tu. Niliandika 'War' kwenye karatasi, nikapata mbili. Niliandika 'Zombie', nikapata mbili. Hasira ilinipanda, baadaye nikaona amenifanyia jambo jema bila kukusudia, maana zikipigwa mfululizo unaona vizuri nani anajua anachokiimba.

'War' ya Mmarekani Edwin Starr ya mwaka 1970 iliandikwa kwanza kwa ajili ya The Temptations. Kampuni yao, Motown, ikaogopa kuitoa na kundi lake kubwa wakati Marekani iko Vietnam, ikampa Starr, naye akakaa nayo nambari moja Marekani wiki tatu. Kwa maneno siyo wimbo wa kuumiza kichwa: vita vina faida gani? Havina kabisa. Nguvu yake ni kiitikio, swali na jibu, na ule mguno anaoutoa katikati. Mteja asiyejua Kiingereza anaguna naye, na mguno haudanganyi. Sisi wa mchakamchaka hatuhitaji kufundishwa kuitikia.

'War' ya Bob Marley ya mwaka 1976 ni kinyume chake kabisa. Karibu haina wimbo. Maneno yake yametoka katika hotuba ya Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Oktoba 1963, na besi inazunguka pale pale kama mtu anayesubiri ofisini. Kila kifungu kinaanza na 'mpaka': mpaka hiki kiishe, mpaka kile kiondoke, mpaka rangi ya ngozi isiwe na maana kuliko rangi ya macho. Unasubiri, unasubiri, ndipo neno 'vita' linaanguka. Angola na Msumbiji zinatajwa kuwa utumwani, na hapo utaona jambo: wimbo unatoka, Msumbiji ilikuwa imeshapata uhuru Juni 1975 na Angola Novemba mwaka huo huo. Angeweza kuyaondoa majina hayo. Aliyaacha. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa historia, alidai ni kosa. Mimi nasema hotuba ukiirekebisha kila nchi inapokombolewa, inageuka taarifa ya habari.

'Buffalo Soldier' ya Marley huyo huyo, iliyotoka mwaka 1983 yeye akiwa ameshafariki, watu hapa wanaicheza harusini. Inamhusu mtu mweusi aliyetolewa Afrika kwa nguvu, akavalishwa sare ya jeshi la Marekani, akapelekwa kupigana na wenyeji wenye ardhi yao. Hiyo ni KEYA tupu. Lakini kibwagizo chake ni kitamu mno, kimewafunika askari wote. Kama kuna wimbo mzuri ulioharibiwa na utamu wake, ndio huu.

'Zombie' sasa. Ya Fela Kuti wa Nigeria, ya mwaka 1976, ina zaidi ya dakika 12. Mteja anakaa, ananyolewa, anapakwa spiriti, anabishania chenji, anaondoka, Fela bado anapiga saksafoni. Anawacheka askari: haendi mpaka aambiwe nenda, hasimami mpaka aambiwe simama, kisha anawatolea amri za gwaride moja baada ya nyingine mpaka gwaride lenyewe linakuwa kichekesho. Hakuna matusi ndani yake. Februari 1977 wanajeshi walivamia makazi yake Lagos, wakayachoma, mama yake akatupwa dirishani, na mwaka uliofuata akafariki kutokana na majeraha. Ndiyo maana nasema umbali. Fela alikuwa anaimba huku waliotajwa wako mtaa wa pili. Ya The Cranberries, kundi la Ireland, ya mwaka 1994, ilitungwa na mwimbaji wao Dolores O'Riordan baada ya bomu la Warrington, Uingereza, Machi 1993, lililoua watoto wawili. Yeye yuko upande wa mama, na pale sauti inapopasuka kooni hujali lugha. Wadada wa saluni ya jirani waliniomba niirudie, na wao kawaida huja kuniomba nipunguze.

Mbaya sasa. Kijana kaniwekea 'The War Song' ya Culture Club, kundi la Uingereza, ya mwaka 1984, inayosema kwamba vita ni upumbavu na watu ni wapumbavu. Watu gani? Yule mama wa Warrington naye? Mgambo wa Kasulu naye? Biti zuri, mavazi mazuri, na mwimbaji anatukana dunia nzima kutoka studio. Lakini nisiwaonee Waingereza peke yao. Zipo za kwetu za namna hiyo, karibu kumi: wasanii wanakusanywa, kila mmoja anapewa mstari wake mmoja, huyu anasema amani, yule anasema upendo, wa tatu anaweka mkono kifuani, na watoto wa shule wamevalishwa fulana nyeupe nyuma yao. Huwezi kupinga hata neno moja, na huwezi kukumbuka hata neno moja. Kipimo changu cha kinyozi ni hiki: zikipigwa, wateja wanaanza kuongea mambo ya Simba na Yanga. Zote nimefuta.

Kuna moja ilinipa shida ya aina nyingine. Ngoma ya Kinyarwanda, sauti za kike zinaitikia, kinanda na mdundo wa kienyeji vimesukwa vizuri mno. Mimi ni Muha, na Kiha na Kinyarwanda ni ndugu, kwa hiyo nilikuwa naokota maneno mawili matatu na kutikisa kichwa. Mteja aliyekuwa kitini akasema kwa upole, "Kaka, zima huo." Nikazima. Hakueleza, nikamaliza kumnyoa, akalipa. Nilipomwuliza kijana akasema ni wa Simon Bikindi. Huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 15 na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, Desemba 2008. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani Juni 1994, ya kuwachochea watu wawaue Watutsi. Kwa kutunga nyimbo hakuhukumiwa, ingawa majaji walikubali kwamba nyimbo zake zilitumika katika propaganda ya mauaji. Kwa hiyo nawaonya wanaopima wimbo wa vita kwa utamu: ule ulikuwa mtamu kuliko zaidi ya nusu ya flashi yangu. Nimemwambia kijana autoe hata kwenye laptopu yake. Kasema atautoa. Nitakwenda kuhakikisha.

Na sasa ule ninaoununulia flashi hii tena hata ikipotea. Hauna jina, namba 52. Ni kwaya ya Wakongo walioko kambi ya wakimbizi, Kiswahili cha Kivu, gitaa moja na mtu anayegonga kitu kama debe. Dijei kwa bahati nzuri alisahau kuuharibu. Mwanzoni unadhani ni wimbo wa dini wa kawaida. Kisha wanaanza kutaja vituo vya pwani ya ziwa upande wa pili, kwa mpangilio wa kukimbia kutoka kaskazini kwenda kusini: Uvira, Makobola, Mboko, Baraka. Kila jina linakaa mstari mzima, na baada ya kila jina kinatajwa kitu kimoja kilichoachwa hapo. Kwenye moja ni mlango ambao haukufungwa. Kwenye nyingine ni mihogo iliyokuwa imeloekwa. Hawasemi nani aliwafukuza. Baada ya Baraka kuna ziwa, na hapo hawaimbi, gitaa tu linakwenda, refu kupita kiasi kwa wimbo wa kwaya, halafu wanataja Kibirizi.

Kibirizi ni hapa kwetu. Boti za dagaa zinatia nanga pale, na mwaka 1996 hata waliokimbia vita vya Kongo walishukia upande huo wa ufuko. Mteja mmoja mvuvi, aliyefika Kigoma akiwa mtoto, niliuona mdomo wake kwenye kioo unataja majina pamoja nao, na lilipofika gitaa peke yake akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya kitambaa. Nilidhani anahesabu mapigo. Akaniambia, hapana, ni saa za kuvuka, na kwamba gitaa ni fupi mno, wangeliongeza.

Malalamiko yangu ya mwisho ni ya kile kisichokuwamo. Meli ya Liemba iko hapa bandarini, kila mgeni anaipiga picha. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku, ikaunganishwa Kigoma, ikawekewa mizinga. Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia mji, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza, kwa hiyo ilipoinuliwa mwaka 1924 ilitengenezeka, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Meli ya vita iliyopakwa mafuta na kuzikwa, kisha ikabeba dagaa na mananasi miaka mingi! Kwenye nyimbo 64 za kijana wangu hakuna hata mstari mmoja juu yake, na mkoa huu unatoa wasanii kila mwaka. Anayejua wimbo wake aniletee, namnyoa bure.

Ziko nyingine sijazitaja kwa sababu hazina mpango, zikiwemo taarabu tano za mipasho. Nilipomhoji kijana, akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba mke na mke mwenza nao wako vitani. Mbili kati ya hizo nimeziacha. Wadada wa jirani wamezikataza zisifutwe.

Kwa jumla nampa nyota tatu kati ya tano: mbili kwa namba 52 na moja kwa juhudi. Nimerudisha flashi aondoe sauti ya dijei, kasema haitoki, imeshachanganywa, ila zilizoharibika kabisa atanitafutia upya bila kudai hela. Mkienda, nendeni na flashi yenu, ya kwake inapata joto ikikaa kwenye redio muda mrefu. Mwambieni mapema 'bila dijei'. Mumtajie na mwimbaji, siyo jina la wimbo peke yake, na mlipe nusu mpaka msikilize. Asubuhi ana nafasi; kuanzia saa kumi jioni foleni yote ni ya bodaboda.